Baraka Aliyonyimwa Marisela

Loma Fría, Jumanne

Kaka yangu Osvaldo,

Baraka, kaka. Naamini umeniitikia huko huko Puerto Rico, hata kama mikono imejaa saruji. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anakula vizuri na anagombana na kuku wake kama kawaida. Mimi ni mzima wa mwili. Nina habari ambayo nilijaribu kukuambia kwa simu, sauti ikakataa. Keti kwanza ndipo usome.

Tangu Teo wangu agongwe pale kwenye kona ya mlima, na aliyemgonga akakimbia, nimeshikilia jambo moja tu: kumlea Marisela kama baba yake alivyotaka. Teo alimfundisha kuomba baraka kabla mtoto hajajua kufunga viatu. Kila aliporudi na pikipiki yake ya kuuzia mikate, Marisela alikunja mikono kifuani na kusema, "Baraka, baba," naye alimjibu, "Mungu akubariki, akuongezee na meno," kwa ajili ya lile pengo la mbele. Shangazi Zunilda husema mtoto huyu anaomba baraka hata kwa mtangazaji wa redio. Ni kweli, nimemsikia.

Tena tulimfunza kama tulivyofunzwa sisi: mkubwa asipokujibu, jichunguze, kuna ulilokosea.

Basi katika zile siku tisa za kumwombea Teo, kila alasiri kabla ya rozari nilimtuma azunguke viti vyote akaamkie watu. Siku ya kwanza akaja kuniambia kwamba Don Abelardo hakumjibu. Nikamwambia mzee masikio yamechoka, apaze sauti. Kesho yake akaniambia tena. Nikamgombeza, nikasema labda alisema huku anatafuna. Kaka, ningewaza nini kingine? Huyu ni baba yetu wa ubatizo, wako na wangu, aliyetukunja mikono kifuani tukiwa wadogo, akatuambia kumnyima mtoto baraka ni kama kumnyima maji. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Ndiye aliyetuletea ndizi za kupika msiba mzima.

Kisha Marisela akaacha kula. Nilipotandika kitanda nikakuta mkate chini ya mto wake. Akasema anamtunzia Don Abelardo. Eti siku ile baba alipoondoka na mikate ya kuuza, yeye alichomoa mmoja kwenye kapu bila kuomba, na pengine ndiyo sababu mzee hambariki, na ndiyo sababu baba hakurudi.

Nilikaa kitandani, nikaurudisha mkate chini ya mto.

Siku ya tisa nyumba ilijaa. Tulikuwa karibu kuivunja madhabahu ya marehemu, kama ilivyo desturi ya kufunga maombi. Marisela akapita katikati ya watu na mkate wake, akasimama mbele ya Don Abelardo, akasema baraka. Mzee akainama. Akasema tena, kwa sauti ile niliyomfundisha. Shangazi Zunilda akadakia, "Abelardo, mjibu mtoto, au ulimi umeusahau shambani?" Watu wakacheka.

Yeye hakucheka. Alikuwa anaiminya kofia yake. Akasema hawezi kulitaja jina la Mungu juu ya kichwa cha mtoto huyu, kwa kuwa mkono wake ndio uliokuwa kwenye usukani.

Nilidhani uzee umemchanganya. Akarudia polepole. Ilikuwa pikapu yake, alfajiri, ukungu, na shehena ya ndizi nyuma. Alishuka, akaona ni Teo, akaona amekwisha kufa, akaogopa, akaondoka. Kila siku alikuja ili aseme, na kila siku mtoto alimtangulia na mikono yake iliyokunjwa.

Nilikuwa nimeshika sinia la kahawa. Sikuliangusha. Sijui kwa nini nakueleza hili, ila nililishika mpaka vidole vikafa ganzi. Mtu mmoja akafunga mlango. Wanaume wakasimama. Marisela peke yake hakuelewa. Akanigeukia, akauliza, "Mama, ni kwa ajili ya mkate?"

Osvaldo, najua ulichoapa kwenye simu siku ya mazishi kumfanyia aliyemgonga Teo. Nivumilie. Nilimwambia, "Don Abelardo, mengine utayajibu polisi. Huyu mjibu sasa hivi."

Akamwekea mkono kichwani, akasema, "Mungu akubariki, binti yangu." Sauti haikuwa yake. Marisela akamwachia mkate mapajani, akatoka nje kufukuza kuku. Mimi na Shangazi Zunilda tukamsindikiza mzee kituo cha polisi kwa miguu.

Usidhani nimesamehe. Nimetafuta msamaha ndani yangu na sijauona. Lakini mtoto wa miaka mitano alikuwa anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake, na dawa yake alikuwa nayo mtu yule tu.

Jana alikula sahani nzima. Leo ameniuliza kama Jumapili tutakwenda kumwamkia Don Abelardo kule alikofungiwa, maana mkubwa haachi kuwa mkubwa. Sijampa jibu. Nikisema hapana, nitakuwa nimemfunza nini? Nikisema ndiyo, miguu yangu haitanifikisha. Niambie wewe, kaka, lakini ukishatulia, si leo.

Mama anakubariki, ingawa bado hatujamwambia yote, maana siku ile alikuwa amelala chumbani. Marisela amekunja mikono hapa mezani, anasubiri nikuandikie kwamba anaomba baraka yako.

Mdogo wako,
Nereida