Lori Tulilolipita Kushoto

Jumapili, 7 Julai 1968

Leo Swaib wangu amenipeleka Bwera kwa pikipiki. Kasese nzima imeona! Fundi huyo, mwanangu wa kwanza, anaendesha kama amezaliwa juu ya tangi. Tulikuwa tunapeleka posa kwa Hamidah, binti wa Mzee Wahab mwenye lori. Baba Swaib angekuwa hai angekwenda yeye. Hayupo, nimekwenda mimi. Na gomesi mpya ya njano, lile gauni refu la heshima.

Baada ya Kikorongo – lori mbele yetu. Vumbi! Gomesi ikawa rangi ya udongo. Nikamwambia Swaib: mpite huyo. Akampita. Kwa kushoto, kati ya lori na mtaro. Dereva akapiga breki, akapiga honi, akatukana. Nikampungia mkono.

Tumefika Bwera, tumekaribishwa, tumekaa. Lori likaingia uani. Lilelile. Kwa vumbi lile njiani hata Swaib hakutambua kuwa ni la Mzee Wahab, na mzee mwenyewe ndiye dereva.

Jumatatu, 8 Julai

Jana Mzee Wahab hakutufukuza. Aliuliza tu: "Mama Swaib, mutoto wako iko na macho?"

Nikasema mawili, tena mazuri.

"Sasa kwa nini ananipita kushoto?"

Nikamweleza. Swaib alijifunzia pikipiki Kasindi. Kule kwa Wakongo magari yanashika kulia, basi mtu anapita kwa kushoto. Akasema: basi akaoe Kasindi.

Nyuma ya pazia nilisikia sahani inavunjika. Hamidah huyo.

Mwisho mzee akalegea. Jumamosi turudi Bwera, anakuja Kasese na lori. Mimi nikae naye mbele, Swaib afuate nyuma, ampite kama sheria inavyotaka. Mara moja. Akikosea, posa imekwisha.

Alhamisi, 11 Julai

Afande Ojok wa kambi ya polisi anamfundisha mwanangu. Sauti kama baragumu. "Tazama nyuma! Toa mkono! Honi! Pita kulia! Rudi kushoto – polepole!" Kwenye kona hapana. Kwenye daraja hapana. Mlimani hapana.

Lori hatuna, kwa hiyo anampita Robinah, jirani yangu, na baiskeli yake ya ndizi. Robinah amepitwa asubuhi nzima. Anauliza sheria gani hii, inampita yeye tu. Swaib anapita vizuri kuliko polisi wenyewe. Nimemwambia Ojok hivyo. Akaagiza Robinah apitwe tena.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika ndani ya lori. Tumesimama.

Tulitoka Bwera vizuri. Mzee Wahab macho kwenye kioo. Njia imenyooka – Swaib hapiti. Mzee akauliza, anaogopa? Nikasema anaheshimu. "Tangu tulipotoka Kisinga?" Nikasema heshima yake ni ndefu.

Halafu Kikorongo, breki! Tembo, katikati ya njia. Swaib nyuma haoni. Ameona lori limesimama tu. Akatazama nyuma, akatoa mkono – vizuri! – akaja kwa kulia, sawasawa. Mzee Wahab akatoka nusu mwili dirishani: "Mwanangu, simama! Zima!"

Mwanangu. Nimesikia kwa masikio yangu.

Swaib amezima. Mzee amemvuta ndani kwa ukosi wa shati, sasa amebanwa katikati yetu. Pikipiki iko njiani peke yake. Hakuna anayesema kama amepita au hajapita.

Tembo anakula, hana haraka. Mzee ametoa chupa ya chai chini ya kiti. Kikombe kimoja. Amempa Swaib kwanza. Mimi namwangalia tembo. Asiondoke upesi –