Komoni ya Mama

Jumatatu, 2 Juni
Msiba mwingine Matogoro. Jumuiya imenipa wasifu wa marehemu nisome, kama kawaida. Wanasema sauti yangu inafika hadi nyuma. Umeandaliwa na mdogo wangu Deo, mwenye stesheneri Msamala. Anaipa akili mnemba ya kwenye simu jina na umri tu, karatasi inatoka. Nikasoma, "Alikuwa nguzo ya familia..." Akina mama mkekani wakamalizia, "mcheshi na mpenda watu!" Wameukariri. Wiki iliyopita tulizika mwingine kwa maneno hayohayo. Watu walicheka. Mjane hakucheka. Nimeona aibu sana.

Jumatano, 4 Juni
Mama amefariki alfajiri. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 5 Juni
Deo kaleta wasifu wa Mama. Una picha na maua pembeni. "Mjasiriamali aliyekuwa nguzo ya familia." Mjasiriamali! Mama alipika komoni. Pombe ile ndiyo iliyotusomesha. Deo kasema, "Dada, padri atakuwepo. Tusimwaibishe mama."
Nina hasira. Kesho wakimmalizia Mama sentensi kama walivyomfanyia yule marehemu wa Jumatatu, sitajisamehe. Karatasi ya Deo siisomi ng'o. Naandika mwenyewe. Wakinikatalia, watafute msomaji mwingine.

Ijumaa, 6 Juni
Tumemzika. Nilisoma ya kwangu. Deo aliangalia chini muda wote.
Nilianza na komoni. Kwamba ikichacha aliimwaga, hata siku ambayo ndani hamna chumvi. Kwamba mlevi akizidisha, Mama alimpokonya kata ya pombe na kumpa uji. Nikawataja kwa majina ndugu zetu wawili waliotangulia, maana simu ya Deo haikuwajua. Kila sentensi nilisubiri wamalizie. Hakuna aliyeweza.
Halafu jirani yetu mmoja akapaza sauti, "Na uji wenyewe ulikuwa wa moto!" Wakacheka huku wanalia. Padri naye.

Jumanne, 17 Juni
Baridi kali. Nimempelekea Deo viazi dukani. Nimemkuta na mama mmoja aliyefiwa na mumewe, kaja na jina na umri kwenye kipande cha karatasi. Deo kalaza simu kifudifudi, kamvutia stuli.
"Kaa, mama. Mzee akikasirika alikuwa anafanyaje?"
Nimeweka viazi mlangoni, nikarudi nyumbani.