Spika ya Malkia

Jumapili, 1 Oktoba 2023

Meza ya kulia si yetu tena. Leo imeingia redio nyingine ya zamani—bubu, kama dada zake wote. Baba Jhinuk kailaza kwenye ungo wangu wa mchele, kaipasua tumbo, anaisugua kwa mswaki. Mswaki mpya! Wangu umebaki kijiti kitupu. Nikamuuliza tutakula wapi. "Kitandani, mama Jhinuk, kama maharusi." Mtoto anaota meno, hajalala tangu juzi, na mimi vilevile. Maharusi gani!

Jumatano, 4 Oktoba

Mama mkwe kaulizia tena redio ya marehemu mzee. Mahalaya ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kila mwaka, alfajiri hiyo, anasikiliza kisomo cha kumkaribisha mungu wetu Durga kwenye redio hiyohiyo, kafumba macho, na mtu asikohoe. Mwaka huu macho yamezimika, hata sanamu ya Durga hayataiona. Kabakiwa na masikio.

"Khoka, itasema?" Bado anamwita Khoka, yaani kitoto. Kitoto chenyewe kina kitambi.

"Itasema, Mama. Ndani nzima. Mende wamekula karatasi ya spika tu."

Spika tu! Basi nunua. Akanitazama kama nimetukana ukoo. Spika ya sokoni kwenye redio ya zamani ni dhambi, lazima orijino. Eti kuna mwenzao wa Chennai kaahidi kuituma. Hilo kundi lao la simu—wanaume wazima, kutwa wanasifiana vifundo vya redio.

Jumatatu, 9 Oktoba

Chennai kimya. Kamwambia Mama asikilizie kwenye simu.

"Simu ni ya kusikilizia wagomvi," Mama kasema. "Baba yako alikuwa ananiwekea hii mapajani." Samaki nilimtoa miiba mwenyewe, hakumgusa.

Jioni baba Jhinuk anampangusa Malkia. Malkia ni redio yake ya kabati la kioo, nyekundu, ndugu kabisa na ile ya mzee, na spika yake nzima, orijino. Ila hatiwi betri. Betri huvuja, zitamharibu! Basi kakaa tu kabatini, kama bibi harusi wa matajiri.

Nikasema taratibu: si umwazime Mama spika ya Malkia?

"Umkate mtu ulimi umpe mwingine?"

Ndiyo, kama mwenyewe haongei.

Alhamisi, 12 Oktoba

Baba Jhinuk kaenda zamu stesheni, kwenye kaunta ya tiketi. Mama kampakata Jhinuk, mimi na bisibisi. Nyaya mbili tu! Kumbe ndiyo siri yote ya wanaume hawa. Nimeungua kidole, lehemu imedondokea ungo.

"Unapika nini, mwanangu?"

"Dawa ya mende, Mama."

Akacheka hadi mtoto akatikisika. Anajua. Redio ilipokohoa nikaifunika kwa mto. Malkia karudi kabatini, anang'aa vilevile, bila ulimi. Nani humwuliza neno?

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimemwambia baba Jhinuk nimetia spika ya sokoni. Kanuna kama nimeolewa tena. Hakula. Paka kala.

Jumamosi, 14 Oktoba, alfajiri

Imesema! Mama kaketi kitandani, redio mapajani, machozi yanamshuka hadi kidevuni wala hafuti. Jhinuk kalala—kalala!—ubavuni mwake. Baba Jhinuk alisimama mlangoni, midomo mbele. Kisha akasogea. Akapiga magoti, akatega sikio. Uso ukalegea.

"Mama Jhinuk," kaninong'oneza, "hii sauti ni ya sokoni?"

"Ya sokoni."

"Nzito hivi? Haiwezekani. Ngoja niilinganishe na ya Malkia."

"Malkia si hatiwi betri?"

"Leo tu. Dakika moja."

"Nyamazeni!" Mama kafoka. "Mnanong'ona kama wezi!"

Sasa baba Jhinuk kamshika Malkia kifuani kama mtoto, anafungua droo moja baada ya nyingine. Kisomo hakijafika hata nusu. Kikiisha nitamwambia mwenyewe, na chai mkononi. Kabla ya hapo, hapana. Akimkuta Malkia hana ulimi, atakuja na bisibisi hadi mapajani kwa Mama.

"Betri ziko wapi?" ananiuliza kwa midomo, bila sauti.

Sijui, namwashiria. Naandika. Nimezikalia.

Kamaliza droo. Kainua mkeka, kachungulia nyuma ya pipa la mchele. Sasa kasimama mbele yangu.

"Hebu inuka kidogo."