Uyoga Usio na Ukwaju

Isevya, Tabora
24 Januari 1954

Kwa wifi Bertila,

Salamu. Mimi mzima, na kaka yako Alois ni mzima pia, ila reli imempeleka Kigoma na hatarudi mpaka Ijumaa Kuu. Natumaini nawe u mzima, pamoja na mgongo wako ambao kila mwaka unakufa na kila mwaka unafufuka siku ya ngoma.

Nakuandikia kwa jambo moja tu. Kabla hajapanda garimoshi, Alois alisema anachokitamani akirudi ni uyoga wa chupa, ule mnaokula kwenu. Usifurahi haraka. Siombi chupa zako. Zile mbili ulizoleta siku ya ubatizo wangu nilimmwagia mbwa mbele yako, ukaapa hutakivuka tena kizingiti changu, na kiapo hicho nakishukuru mpaka leo. Naomba uyoga mbichi tu, kapu moja, kwa mkono wa Masolwa anapoleta asali mjini. Nitausindika mwenyewe. Siku hizi nahudhuria darasa la akina mama, tunafundishwa na bibi mmoja wa Kizungu kuhifadhi maembe na nyanya kwenye chupa. Tuna kipimajoto. Tuna vifuniko vya kioo vyenye mpira, kutoka duka la Majid. Wewe una nta na debe la mafuta ya taa.

Wifi yako,
Flavia


Kwihara
2 Februari 1954

Wifi Flavia,

Salamu zako nimezipokea, nimezipepeta, zilizobaki ni chache. Mimi mzima. Mgongo unakusalimu.

Masolwa anakuletea kapu. Uyoga nimeuokota mwenyewe porini asubuhi hii mvua ilipokatika, nikaukagua mmoja mmoja, maana najua mke wa kaka yangu hawezi kutofautisha uyoga na kofia ya padre. Usiulaze. Upike leo. Nakueleza namna ya kuupika, si kwa kuwa nakupenda, ila kwa kuwa kaka yangu ndiye atakayeula.

Uoshe, uchemshe na chumvi, umwage maji. Loweka ukwaju, ukamue, uuchuje ukiwa mzito, halafu uyoga uchemke tena humo mpaka ukionja meno yashike ganzi. Yakishika ganzi, ongeza kidogo. Chupa zichemshe kwanza zikiwa tupu. Ukishazijaza, zipange ndani ya debe juu ya maganda ya mahindi zisigonge bati, maji yafike shingoni, na moto usilale mpaka umalize rozari nzima, mafumbo yote kumi na tano, si ile rozari yako ya kurukaruka. Ziba na nta zingali za moto.

Aliyenifundisha ni sista mzee wa jikoni pale misheni, nilipokuwa msichana wa kuosha sufuria. Alisema embe na nyanya vina ukali wao wa kujilinda, lakini uyoga hauna kitu, usipoupa ukali unaoza huku unakuchekea. Mengine sahau ukipenda. Ukwaju usisahau.

Wifi yako,
Bertila


Isevya
21 Februari 1954

Wifi Bertila,

Hujambo? Mimi sijambo, na nguo zangu hazinuki moshi.

Kazi imekwisha. Chupa kumi na mbili, zinang'aa. Ukwaju sikutia hata punje. Huku mjini ukwaju ni wa uji wa wagonjwa na wa kusugulia vyombo vya shaba. Nimefuata darasa: maji, chumvi kidogo, sukari kijiko kimoja, na moto mpaka kipimajoto kikafika pale bibi alipotuonyesha kwa maembe. Nusu saa kwa saa ya ukutani. Rozari niliiacha msumarini ilipotundikwa. Vifuniko vimenyonya kabisa, mwanamume hawezi kuvibandua kwa kidole. Ukiutazama uyoga ndani ya kioo utadhani umechipuka leo. Wa kwako siku zote ulikuwa na rangi ya maji ya kufulia.

Nakutumia chupa moja uone, na ukiona haya ni juu yako. Kumi na moja zimo kabatini. Zitafunguliwa Ijumaa Kuu, Alois akishuka garimoshi, na wanakwaya sita watakuja kula nasi. Wewe sikualiki, una kiapo.

Wifi yako,
Flavia


Kwihara
5 Machi 1954

Wifi Flavia,

Salamu za Kwaresima. Mimi mzima, nafunga. Natumaini nawe unafunga, angalau mdomo.

Chupa yako imefika. Nimeiweka rafu ya juu, kati ya sabuni na dawa ya panya, mahali pa vitu visivyoliwa. Ni nzuri kuitazama, sikatai. Hata mwenyewe u mzuri kutazamwa, na kaka yangu alinaswa hivyo hivyo.

Lakini nakuuliza: bibi yako alifundisha maembe, nani alikuambia uyoga ni embe? Ulimwuliza? Hukumwuliza, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba kuna jambo hulijui, nawe bora ufe. Kaka yangu alikuwa na uchaguzi wa wasichana kuanzia Kwihara mpaka Choma, akaenda kuchukua mwenye shingo ndefu na kichwa kitupu. Mwaga chupa zote uanze upya. Mvua bado zipo, nitakutumia kapu jingine, na ukwaju nitautuma tayari umekamuliwa, maana kukamua nako utasema ni ushamba.

Wifi yako,
Bertila


Isevya
14 Machi 1954

Bertila,

Salamu hakuna. Kichwa kitupu kimekuelewa.

Huo ni wivu, na kila mtu Isevya anajua ni wivu. Uliuona uyoga wangu ukang'amua kwamba miaka yote umekuwa ukiwalisha watu matope. Barua yako hii ndiyo ya mwisho ninayoisoma. Nyingine zikija nitazitandika chini ya vikombe bila kuzifungua. Wala usimwandikie Alois kupitia ofisi yake. Barua zako ananikabidhi mimi zikiwa zimefungwa, apate kulala kwa amani.

Flavia


Kwihara
12 Aprili 1954, Jumatatu baada ya Matawi

Flavia,

Sikusalimu. Soma.

Juzi nilikuwa napangusa rafu nikaona kifuniko cha chupa yako kimeinuka upande mmoja, na ndani kuna mapovu madogo yanapanda. Nilifungua nikamwaga uani. Harufu haikuwa mbaya sana, na hilo ndilo lililonitia hofu. Kuku watatu walidonoa. Jana asubuhi niliwakuta wamelala ubavu, macho wazi, shingo zimelegea, ukiinua kichwa kinaanguka. Wawili wamekufa. Wa tatu anapumua tu. Sista alinisimulia jambo hili la shingo, na nilikuwa sijaliona kwa macho yangu.

Chupa zako kumi na moja ni tumbo moja na hii. Hata zile ambazo vifuniko havijainuka usiziamini. Usionje. Usimpe mtu, usimpe mbwa. Zifukie mbali na kisima.

Maneno yangu ya kichwa kitupu nayafuta. Mengine tutayazungumza baadaye. Masolwa atangoja jibu mlangoni kwako. Asipoleta jibu nitajua hukufungua barua hii.

Bertila


Isevya
27 Aprili 1954

Wifi yangu mpenzi Bertila,

Salamu nyingi za Pasaka, zimejaa mpaka pomoni. Mimi mzima, mzima kweli kweli. Sijawahi kuwa mzima namna hii.

Nilisema sisomi barua zako, lakini sikusema siandiki. Nataka uwe na maandishi ya yale uliyoyasema Alhamisi Kuu, usije ukayakana. Ulikuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Ulisimama nje ya kizingiti, kiapo chako kimebaki salama. Jirani yangu Tufaha alikuwa barazani kwake, akasikia yote. Ulisema: "Wifi, nimeshindwa. Uyoga wako nimeuonja. Tangu nizaliwe sijala uyoga kama huo." Nikakuuliza urudie, ukarudia. Ukasema padre anakuja kula Pasaka kwako na unaona haya kumwekea wa kwako, ukaomba chupa zangu zote kumi na moja, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea komunyo.

Nilikupa. Ningekunyimaje? Nilikuwa nimengoja maneno hayo miaka sita. Ulizipanga kapuni huku mikono inakutetemeka, Tufaha anasema hajaona mtu aliyenyenyekea hivyo. Isevya nzima sasa inajua.

Wanakwaya walikula maharage. Alois alinuna, nikamweleza kwamba dada yake amekuja kuziomba. Akauliza, "Bertila? Kuomba?" 

Basi niambie, padre alisemaje? Barua yako aliyoileta Masolwa siku chache kabla imo chini ya vikombe, sikuihitaji, maana ulikuja kukiri mwenyewe kwa mdomo.

Wifi yako mshindi,
Flavia


Isevya
2 Mei 1954

Wifi Bertila,

Shikamoo. Najua umri wetu haupishani sana, pokea hivyo hivyo.

Leo Alois alivunja kikombe. Nilipokuwa nafuta chai iliyomwagika, bahasha yako ililowa ikafunguka, na yeye ndiye aliyeisoma kwanza. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha alinipa, akatoka nje, akakaa chini ya dirisha.

Mume wangu yuko pale nje, mzima, anavuta tumbaku. Nimemhesabu yeye, na mimi, na wanakwaya sita: watu wanane. Kwa nini hukuniambia pale pale mlangoni? Ungesema ni sumu. Ungepiga kelele. Ulikuwa na sauti.

Halafu nimewaza, nikajijibu mwenyewe. Ungesema sumu, ningesema wivu. Ningefungua chupa pale pale nikala mbele yako na mbele ya Tufaha, nikakutazama machoni huku natafuna. Unanijua vizuri kuliko ninavyojijua.

Nimekwenda kwa Tufaha nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikamwacha acheke.

Yule kuku wa tatu alipona?

Mdogo wako,
Flavia


Kwihara
9 Mei 1954

Mdogo wangu Flavia,

Marahaba. Mimi mzima. Kuku alikufa.

Chupa nimezifukia porini, mbali na maji, na shimo nililichimba kwa mgongo huu unaoutania. Mikono haikutetemeka kwa unyenyekevu. Nilikuwa nahesabu kama zimetimia kumi na moja. Niliogopa kwa ajili ya kaka yangu, na njiani nikagundua naogopa kwa ajili yako pia, jambo ambalo lilinishangaza na bado linaniudhi.

Masolwa anakuletea bonge la ukwaju. Mvua za mwakani zikianza nitakuja kukuonyesha. Kizingiti chako sitakivuka, kiapo ni kiapo, lakini jiko lako liko nje na uani kuna mlango wa nyuma. Lete hicho kipimajoto chako tuone kama kinafaa kukorogea.

Hakuna padre aliyekula Pasaka kwangu. Padre nilimwona Jumamosi Kuu tu, kwenye maungamo. Nilimwambia nimesema uongo mkubwa Alhamisi Kuu, tena mara mbili. Akauliza uongo gani. Nikasema nimemsifu wifi yangu kwa upishi. Akauliza kama najuta na kama sitarudia. Habari ya kuku na chupa sikumweleza, maana ningelazimika kutaja ulichofanya, na hilo si lake. Nikamwambia sijuti, na ningerudia kesho. Akanirudisha bila kuniondolea dhambi, akasema niende nikajute kwanza.

Leo ni Jumapili ya nne nabaki kwenye benchi wenzangu wakienda kukomunika. Watu wameanza kunitazama. Kila asubuhi najaribu kujuta, Flavia, halafu nakumbuka kaka yangu anavuta tumbaku chini ya dirisha lako, na inanishinda.

Wifi yako,
Bertila