Kazi ya Kukaa Kitini

Dada Mwanaidi, shikamoo. Huku Japani nilikomfuata shemeji yako masomoni ni theluji tupu, na shule ninakosaidia kufundisha Kiingereza imefungwa likizo. Hata hivyo lazima nikae mezani kutwa bila mwanafunzi, na mwanangu Rehema bado ananyonya! Juzi nikaenda naye. Makamu wa mkuu wa shule akang'aka, "Mwalimu, mtoto hana ruhusa." Nikamwambia, "Kama kazi ni kukaa, huyu naye anajua kukaa." Akapekua kitabu cha kanuni hadi adhuhuri, asione katazo. Sasa Rehema ana kiti chake, ananyonya atakapo. Akilia, mimi kanuni hainiruhusu kuondoka mezani, kwa hiyo anayembeba mgongoni kwa kanga yangu ni makamu mwenyewe.

Nasikia sukari imeadimika; Mola awafikishie dukani hapo Usagara. Nibusie mpwa wangu Omari.

Mdogo wako, Zuhura