Kabari Chini ya Giaboksi

3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni miguu yako. Ganzi imepungua?

Baba, maji yamezidi unga. Mteja alitaka gari lake la michezo lishushwe, nikalifunga springi fupi. Sasa limelala chini kama paka anayevizia, lakini likikolea mwendo linatetemeka mpaka meno yanagongana. Nimebalansi magurudumu, nimebadilisha tairi, wapi! Bosi kasema lisipotulia mwezi huu, narudi kuosha vyuma. Nisaidie.

Mwanao

9 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Sijambo, ila miguu ni magogo tu. Juzi nilifika dukani na ndara moja bila kujua. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Tairi hazina kosa. Mpe mwenzako usukani, wewe vua viatu ukanyage sakafu ya gari. Mtetemo ukipandia nyayoni na makalioni, basi ni propela, ule mtaimbo unaozunguka chini ya gari kutoka giaboksi hadi nyuma. Uliposhusha gari, pua ya difu, pale propela inapoingia kwenye ekseli ya nyuma, iliinama, giaboksi ikabaki na pembe yake ya zamani, na propela iko katikati yao inateseka. Pima pembe zote mbili, kisha tia kabari chini ya giaboksi mpaka zilingane. Usikimbilie, pole pole ndio mwendo.

Baba yako

18 Juni

Baba,

Shikamoo tena. Nilivua viatu, karakana nzima ikanicheka: "Fundi, unaenda kulala?" Mtetemo ukapandia nyayoni, vilevile ulivyosema! Nimetia kabari, gari limetulia tuli. Sasa hata bosi anavua viatu. Asante, Baba, asante sana. Mteja karuhusu nilijaribu safari ndefu. Jumapili nakuja kukuchukua.

Mwanao

26 Juni

Binti yangu,

Ulirudi salama? Mama yako anakusalimu. Bado analalamika kwamba gari lina viti viwili tu, chake hakuna.

Jumapili ile ulipokoleza mwendo, nilivua ndara kwa mazoea. Nyayo hazikuniambia kitu. Nikaona haya kukuuliza: limetulia kweli, au ni ganzi yangu? Ndipo nikainama, nikaweka kiganja sakafuni. Wewe ukadhani nimeangusha kitu. Kumetulia, mwanangu. Kumetulia kabisa.

Nilishajiambia ufundi wangu umekufa na miguu hii. Kumbe upo, unatembea peku karakanani kwako. Nakushukuru, mama. Ila ukimaliza kupima, vaa viatu. Sakafu za karakana nazijua, hazikosi misumari.

Baba yako