Kanuni Saba Ukutani kwa Bwana Mwinyihaji

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Walimu wamegoma. Shule zimefungwa — na mimi, ambaye tangu kuhitimu sijapata shule hata moja, leo nimepata darasa. Ni sebule ya Bwana Mwinyihaji, mtaa wa Mjambere. Yeye ni wakala wa mizigo kule uwanja wa ndege. Ana kompyuta nyumbani, iliyounganishwa na intaneti kwa waya wa simu. Wanafunzi ni wawili: binti yake Johari, miaka kumi na miwili, na Kanze wa nyumba ya pili, kumi na mmoja. Babake Kanze ni fundi wa vito Bombolulu.

Ijumaa ya tarehe 16 Bwana Mwinyihaji atamwalika Bi Nyamvula, mkurugenzi wa shirika linalotafuta afisa wa masomo ya nyumbani. Aje ajionee mwenyewe. Nafasi hiyo nimeiomba kwa barua mara mbili. Kimya. Nimeazimia: safari hii nitaonekana.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimepiga chapa na kubandika ukutani "Kanuni Saba za Adabu katika Intaneti". Ya kwanza: Jitambulishe kikamilifu — jina lako, la baba, la babu, na mtaa unaokaa. Ya pili: Usiache swali la mwenzako bila jibu. Zilizosalia zinahusu lugha safi, matusi, subira na mengineyo. Chini kabisa: Imetayarishwa na Kadzo Mramba, Shahada ya Elimu.

Bwana Mwinyihaji alizitazama kutoka mlangoni, funguo za gari mkononi. Akasema zimepangika vizuri. Sidhani alizisoma.

Mamake, Bi Barke, alitaka asomewe zote. Aliridhika mno na ile ya kwanza. Alisema hayo ndiyo malezi, mtoto akiulizwa wewe wa nani asisimame kujikuna kichwa.

Tatizo ni moja. Bi Barke akitaka kuzungumza na mwanawe wa kike aliyeko Lamu huinua simu, na intaneti hukatika papo hapo. Leo mara tatu. "Mashini yenu yanililia sikioni," alinishitaki, kana kwamba nimeifunza mimi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Tumeingia kwenye ubao wa marafiki, mahali pa watoto wa shule kuandikiana. Johari alijitambulisha kwa ukamilifu wa kupendeza: Johari binti Mwinyihaji bin Abdillahi, wa Mjambere, Kisauni. Kanze aliandika "K., Pwani". Basi.

Nilimtaka anieleze sababu. Alisema baba amemkataza kumpa jina mtu asiyemwona. Nilimweleza, kwa upole nadhani, kwamba hofu hizo ni za zamani. Nikamkata alama mbili. Johari nimempa kumi juu ya kumi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Johari amepata rafiki. Sabri, miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Dar es Salaam. Barua nne tangu Ijumaa! Asubuhi nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye ripoti yangu: "mafanikio ya kuridhisha". Mchana nikazichapisha barua zote nizisome.

Ya kwanza inauliza hesabu za sehemu. Ya pili: una kaka wangapi? Ya tatu: lango lenu rangi gani, na simu yenu namba ngapi? Ya nne: baba hutoka saa ngapi, na bibi hulala mchana? Mwisho kaongeza — usimwoneshe mwalimu, watu wazima huharibu urafiki.

Johari alijibu kila swali. Kwa lugha safi, kwa nukta na koma. Lango la kijani. Baba hutoka saa moja. Bibi hulala baada ya adhuhuri.

Nilimwuliza kwa nini amemwambia mtu yote hayo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si kanuni ya pili, Mwalimu?"

Sikuona kejeli usoni mwake. Laiti ingekuwapo.

Jumanne, 13 Oktoba

Saa nane mchana simu imelia. Bi Barke hakuwa amelala. Mimi nilikuwa pale pale mezani.

Alimwuliza anayepiga anamtaka nani. Anamtaka Johari. Akamwuliza yeye mwana wa nani. Akajibiwa rafiki yake wa shule, Sabri. "Sabri wa nani?" Simu ikakatwa.

Bi Barke aliirudisha simu mahali pake polepole. "Mtoto wa miaka kumi na mitatu huyo? Wallahi sauti yake ina ndevu."

Nimezima kompyuta. Nimemkataza Johari kumjibu tena. Kesho nitamweleza Bwana Mwinyihaji kila kitu.

Jumatano, 14 Oktoba

Sikumweleza kila kitu.

Nilimpa zile barua nne na majibu ya Johari. Nikamweleza habari ya simu. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaita.

"Johari!"

"Abee, baba."

"Nani aliyekutuma kumwambia mtu mambo ya nyumba yangu?"

Johari alitazama ukutani. Akanitazama mimi. Kisha akatazama miguu yake. "Nimekosa, baba."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi nilikuwa nayo, imekamilika kichwani, ina kiima na kiarifu. Haikutoka.

Hukumu yake: masomo ya kompyuta yamekwisha kwa Johari. Ijumaa atakaa mbele ya mgeni kwa heshima, Jumamosi apelekwe Lamu kwa shangaziye, na shule itafutwe huko huko. Mtoto asiyesikia haachiwi mlango. Barua amezipeleka kituoni — wamezipokea, ila askari aliuliza mara mbili iwapo intaneti ni kampuni. Namba ya simu inabadilishwa. Na mgeni asijue lolote la aibu hii.

Kisha akanigeukia. Alisema lau si mimi kuwa macho, Mungu ndiye ajuaye. Akasema atamweleza Bi Nyamvula mimi ni mwalimu wa aina gani.

Nikasema ahsante. Niliisema, naiandika hapa niione.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimeanza kwa Kanze. Nimemrudishia alama zake mbili na kumwomba radhi. Ameuliza kama baba yake atapata alama pia. Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kisha kwa Bi Barke, jikoni, anakuna nazi. Nilimwambia kosa si la Johari. Ni la karatasi yangu.

Hakuacha kukuna. "Nami niliisifu, mwanangu. Lakini mtoto wetu aulizwe jina, anyamaze? Huo si ujeuri?"

Nikamwuliza: mtu akipiga hodi na mlango umefungwa, yeye hufanyaje?

"Nauliza, nani?"

"Akijibu, mimi?"

"'Mimi' ndiye nani? Na ataje jina, nimjue ni wa wapi. Mlango wangu sifungui."

"Na yeye akikuuliza wewe, kabla ya kujitaja, mumo wangapi humo ndani?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Basi uliwafunza watoto hodi kinyume," alisema. Si kwa ukali. Ingekuwa afadhali kwa ukali.

Ndivyo hasa. Nilisoma miaka minne nikaandika adabu iliyopinduka, na adabu yenyewe ilikuwa mlangoni kwa Bi Barke siku zote. Anayekuja ndiye hujitaja. Wa ndani husikiliza kwanza, kisha humwita mkubwa.

Tumeandika kanuni mpya kwa msingi huo, mimi na Kanze, kwa mkono. Nimeiondoa karatasi ya zamani, nikaikunja na kuitia mkobani. Johari alikuwa chumbani akipanga nguo. Nilimwambia nitazungumza na babake.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "ukisema hutapata ile kazi."

Ana miaka kumi na miwili. Alilijua hilo jana aliponyamaza.

Bwana Mwinyihaji hajarudi mpaka naondoka. Kesho basi. Hapana kuahirisha.

Ijumaa, 16 Oktoba

Saa tisa na nusu. Naandika hapa hapa sebuleni.

Asubuhi sikumpata. Kutoka msikitini alikuja moja kwa moja na mgeni. Bi Nyamvula ni mama wa makamo, mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Amesoma kanuni mpya ukutani zote, kidole juu ya kila mstari. Amempongeza Kanze kwa mwandiko. Ameisoma ripoti yangu. Bwana Mwinyihaji akanisifu kwa maneno ambayo wiki mbili zilizopita ningeyakariri.

Kisha Bi Nyamvula akauliza, kana kwamba anaulizia chumvi: "Na hakuna mtoto aliyewahi kuzivunja kanuni hizi, Mwalimu?"

Bwana Mwinyihaji akakohoa. Johari akazificha kiganjani kucha alizozitafuna. Nikafungua kinywa — adhana ya alasiri ikaanza.

Mgeni akanyanyuka. "Tuswali kwanza. Jibu langu usilipoteze."

Wote wako ndani wanaswali. Tumebaki mimi na Kanze, na biskuti ambazo hakuna aliyezigusa.

Mkobani nimeitoa ile karatasi ya zamani. Imekunjika mara nne. Kanze ameuliza ninafanya nini, nimemwambia anipe pini. Nimeibandika kando ya ile mpya, kimo cha macho. Kanuni ya kwanza, kanuni ya pili, na chini jina langu kwa herufi nyeusi, na shahada yangu.

Nitasema hivi: hizi za zamani, hakuna mtoto aliyezivunja. Yuko aliyezifuata.

Mlango wa ndani umefunguliwa. Bwana Mwinyihaji ndiye wa kwanza kutoka, angali anakunjua mikono ya kanzu. Amesimama mbele ya ukuta. Safari hii anaisoma.